Rejeta, Rimu na Mlima wa Lushoto

Mpenzi msomaji, umewahi kufungua kifuniko cha rejeta kwa kanga mpya, doti nzima, uliyomnunulia mama mkwe wako? Mimi nimefungua. Ilikuwa saa nane mchana, barabara ya Mombo kwenda Lushoto, hatujafika hata Soni. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, boneti iko juu, mvuke unatoka kama sufuria la pilau la watu mia tatu, na mume wangu mpenzi amesimama pembeni anaangalia bonde kama mtalii.

Sikumsemesha. Nilikuwa bado napiga hesabu kichwani.

Ngoja nirudi nyuma, maana nikianzia hapo utasema huyu dada ana makelele tu.

Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli. Kipaimara, sendofu, hitima, semina za maofisini, ukiniita nakuja na hotpoti zangu. Kwa miaka minne nilikuwa nakodi kirikuu, na kila shughuli inakula sh. 50,000 kwenda na kurudi. Sihesabu ile siku dereva alipofunga breki ghafla pale Mwenge, mtori wa watu sitini ukaishia sakafuni. Mwaka jana zamu yangu ya mchezo ilipofika nikashika milioni 7. Nikasema basi, nanunua gari.

Baba Junior alifurahi kuliko mimi. Ndoto yake, kama ya wanaume wengi wa mjini hapa, ni Harrier. Akaanza kunipigia hesabu: milioni 7 zako, tukope nyingine kazini kwangu, tukatwe kidogo kidogo... Nikamwambia mimi nataka stesheni wagon.

"Stesheni wagon? Mama Junior, hiyo si gari ya kubebea nyanya?"

"Ndiyo. Na mimi nina nyanya."

Hakucheka. Ningemwangalia vizuri usoni siku ile, ningeokoa laki kadhaa.

Kwa pesa kama zangu, gari la kuagiza Japani huligusi. Ukishalipa meli, ushuru, na ile nyongeza ya kodi kwa magari yenye umri mkubwa, unajikuta umenunua gari mara mbili. Kilichobaki ni gari la mkononi, na kati ya stesheni wagon zote za mkononi mimi nilijichagulia Corolla 100. Ni muundo ulioanza kutoka Japani mwaka 1991, na wagon zake ziliendelea kutengenezwa hadi 2002, kwa hiyo zimejaa mjini. Nyingi zina injini ya 5A, sisi 1500, injini ambayo fundi wa chini ya mwembe anaijua kuliko anavyowajua shemeji zake. Ukilaza viti vya nyuma unapata kitanda. Hotpoti kumi na mbili zinaingia na ndoo ya kachumbari juu.

Nilizunguka wiki tatu. Dalali wa kwanza alinionyesha gari la "mama mmoja wa benki, kazini na kanisani tu". Huyo mama wa benki, msomaji, nadhani ana magari mia mbili Dar nzima, maana kila dalali anauza la kwake. Nikafungua kifuniko cha oili, chini yake kuna uji mweupe kama mayonesi. Maana yake maji na oili vinakutana mahali visipotakiwa. Nikasema asante. La pili lilitoa moshi wa bluu kila ukikanyaga mafuta, yaani linakunywa oili. Bei ilikuwa tamu sana. Niliondoka kabla utamu haujaniingia.

La tatu lilikuwa jeupe, Corolla 100 ya otomatiki, na ubavuni kulikuwa na kivuli cha herufi zilizobanduliwa. Ukisogea karibu unasoma: MAUA NA MAPAMBO. Lilikuwa linabeba mapambo ya kumbi za harusi. Kila ukipiga kapeti kunatoka unga wa kumetameta, na hadi leo ninapoandika haya unga huo haujaisha. Lilikuwa limechoka kwenye viti, lakini injini iliwaka asubuhi ikiwa ya baridi bila kukohoa, na namba ya chesisi ilifanana na ya kwenye kadi. Deni la trafiki nililiangalia mtandaoni kwa namba ya gari, halikuwepo. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliyokuwa inawaumiza wanunuzi wa zamani ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo hapo palikuwa na nafuu. Muuzaji alitaka milioni 6.2. Tukafika milioni 5.4, tukaenda TRA kubadilisha jina. Jina langu.

Baada ya kodi za kubadilisha umiliki na bima, nikabaki na kama milioni 1.3. Hapo ndipo ununuzi wenyewe unapoanza, maana gari la bei rahisi unalinunua mara ya pili gereji.

Fundi wangu yuko Ilala, mzee wa makamo, mpole, ndevu nyeupe ambazo siku ile ziliingia unga wa harusi akawa kama bwana harusi. Alilikagua gari saa nzima, halafu akanipa kanuni moja ambayo nimeiandika nyuma ya daftari langu la mapishi: "Chuma nunua used, mpira na breki nunua mpya." Akanituma Gerezani.

Kama hujawahi kwenda Gerezani kwa miguu yako, nenda hata kama huna gari. Pale nyuma ya Kariakoo, magari yamechinjwa na kuning'inizwa kama nyama buchani. Bampa zimepangwa ukutani kwa rangi. Milango imesimama yenyewe bila gari, utadhani mtu atatoka. Injini zimekaa chini kwenye udongo uliokwisha kuwa mweusi kwa oili, zimefungwa waya zisiibiwe na jirani. Kwa mbali unasikia nyundo za mafundi chuma, ko ko ko, wanatengeneza majiko na masanduku. Na vijana! Hujavuka mtaro wameshakujua: "Mama Corolla! Taa ipo, kioo kipo, njoo dada yangu, tusishindwane!" Sijui walijuaje Corolla. Nadhani uso una namna yake.

Watu wana utani kwamba kioo cha pembeni kikiibiwa usiku Sinza, asubuhi kinakusubiri Gerezani kikiwa kimeshasafishwa. Ndiyo maana magari mengi ya Dar yamechorwa namba hadi kwenye taa. Niliowakuta mimi walikuwa wafanyabiashara wa kweli, wana mizigo ya Japani na Dubai, na mmoja alinifundisha kuchagua shokapu za mtumba. Unaikandamiza mpaka mwisho kwa uzito wako, unaiachia. Ikirudi polepole kwa mwendo mmoja, nzima. Ikikwama au ikibaki chini, imekufa. Ikiwa imelowa oili shingoni, usiishike kabisa, itakuchafulia gauni. Na ununue mbili zinazofanana. Nilipata jozi ya mbele kwa sh. 120,000, nusu ya bei aliyonitajia. Alikasirika, halafu akaninunulia soda.

Brek pedi, taiming belti, plagi nne na chujio zote nilichukua mpya dukani. Belti ya injini ile inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari la mkononi hujui mwenzako alikumbuka au alisahau, kwa hiyo unabadilisha tu. Siku ya breki nilikaa palepale kwenye benchi, nikaona kila kitu kinavyoingia.

Kisha ikaja tyuningi yenyewe, na mimi nilikuwa nadhani tyuningi ni kelele za vijana wa Kinondoni. Fundi alifungua kiboksi kidogo cheusi ndani ya boneti, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, TE1 na E1, ili kompyuta ya gari itulie isiingilie. Akawasha taa yake inayopepesa, akaimulika puli ya mbele, akazungusha distributa kwa mkono kama unavyozungusha kisu kwenye keki, kidogo, kidogo tena, mpaka alama ikasimama kwenye nyuzi 10. Gari lililokuwa linatetemeka kwenye foleni likanyamaza. Kabla ya hapo lilikuwa linakwenda kilomita 9 kwa lita. Sasa linafika 12. Waya ule wa kuunganishia alikuwa ameuokota chini.

Kikabaki kitu kimoja. Maji ya rejeta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwenye gari wa zamani alikuwa anaweka maji ya bomba miaka yote, kutu imeziba mishipa. "Mama, hii badilisha," fundi aliniambia. "Hapa mjini utaona iko sawa. Ukipanda nayo mlima itakuumbua."

Na mlima tulikuwa tunao. Mama mkwe anaishi Lushoto. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, na tulikuwa tumempatia nafasi ya upasuaji Dar siku ya Jumanne. Jumamosi tupande, Jumatatu tushuke naye. Kwenye basi hataki, alishaanguka mara moja mlangoni.

Wiki ile nilikuwa na shughuli tatu mfululizo. Nikamkabidhi Baba Junior sh. 450,000: laki moja na themanini ya rejeta, 240,000 ya tairi mbili za nyuma, 30,000 ya kulanti na vidogo vidogo. Jioni akarudi na gari lina sport rimu inchi 15, zinang'aa mpaka jirani akatoka nje. Akasema amepewa na mshikaji wake wa kazini aliyebadilisha gari. Nikasema Mungu ambariki huyo mshikaji. Nikaenda kuchambua mchele.

Jumamosi tuliondoka alfajiri kupitia Bagamoyo. Ile lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, inakuokoa na foleni za Kibaha. Upepo wa bahari, minazi, gari linateleza, mshale wa joto uko katikati kama umechorwa. Baba Junior anaimba. Tukavuka Wami kwenye daraja jipya, wale wa zamani mnakumbuka lile jembamba tulivyokuwa tunasubiriana. Mbele kidogo tukapigwa tochi kwenye kibao cha 50. Baba Junior akaapa mshale ulikuwa unasoma 50, trafiki akaapa tochi inasoma 53. Faini 30,000. Nilimtetea mume wangu kwa nguvu zangu zote. Baadaye fundi alinieleza: tairi likiwa kubwa kuliko la asili, gari linakimbia zaidi ya linavyosema.

Segera, Korogwe, Mombo. Pale Mombo unakunja kulia na dunia inabadilika. Kilomita 33 za kupanda hadi Lushoto, kona juu ya kona, barabara imejibana ubavuni mwa mlima. Joto la tambarare linabaki nyuma yako. Migomba, mahindi yaliyosimama kwenye mteremko ambao mimi nisingesimama, watoto wanauza matunda kwenye mabeseni. Mbele yetu likatokea lori la mbao tupu, linapanda kwa mwendo wa kitoto, na hakuna pa kulipita.

Hapo ndipo mshale ulipoanza kunyanyuka. Kwenye tambarare upepo wenyewe unapoza rejeta, hata iwe mbovu utadanganyika. Kwenye mlima, mwendo mdogo, injini inavuta kwa nguvu zake zote, inabidi rejeta ifanye kazi yake yenyewe. Yangu haikuwa na kazi hiyo ndani yake.

Tukasimama. Nikamzuia asiguse kifuniko, kwanza kwa sababu kingemuunguza uso, pili kwa sababu nilitaka kukifungua mimi. Dakika arobaini tulisubiri, mpaka ule mpira mkubwa wa juu ukawa unabonyea ukiuminya. Kanga nikaikunja mara nne. Nusu mzunguko, nikaacha ipumue, kisha nikafungua. Maji yaliyobaki yalikuwa na rangi ileile ya chai.

"Baba Junior, rejeta mpya iko wapi?"

Kimya.

"Ile laki na themanini."

"Niliizibua. Kuna kijana akasema itafaa tu."

"Na tairi mbili?"

Akaangalia rimu. Na mimi nikaziangalia. Zilikuwa zinang'aa sana, pale kwenye vumbi. Hakukuwa na mshikaji wa kazini. Sh. 450,000 Gerezani, na 40,000 ya kuzibua alitoa mfukoni kwake.

Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinyamaza mpaka nilipomaliza, halafu akasema, "Tangu tumzike mzee 2019 sijarudi nyumbani. Idd iliyopita mdogo wangu kaja na Noah, mtaa mzima umetoka nje. Mimi mkubwa nifike na gari ya mapambo? Nilitaka mama akitoka nje aone kitu."

"Mama yako haoni."

Ilinitoka kabla sijaipima. Baba Junior akakaa kwenye jiwe. Nikajua nimempiga mahali ambapo hata mimi sikuwa nimelenga, na kanga ilikuwa bado mkononi mwangu inadondosha kutu.

Wakatokea vijana wawili na madumu ya maji, nadhani hii ni biashara yao, maana walikuja bila kuitwa. Tukawasha injini tukamimina kidogo kidogo, maana maji baridi ukiyamwaga kwa pupa kwenye injini ya moto unaipasua. Kijana mmoja akatuambia tufungulie hita mpaka mwisho, inatoa joto la injini ndani ya gari. Ni kweli. Tukapanda hivyo, vioo vyote chini, hita inatupuliza miguuni kama oveni, jasho linatiririka, hakuna anayeongea. Tulipofika Soni, kwenye yale maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani, akasimamisha gari bila kuambiwa, lipoe. Akaninunulia matunda. Nikala. Sikusema asante, lakini nikala.

Lushoto tuliingia jioni. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakaja kujificha na joto la pwani, na ukishuka kwenye gari lenye hita ya Corolla unawaelewa mara moja. Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani tangu saa sita.

"Onga mshi, mama," nikasema, hicho ndicho Kisambaa changu chote, na mshi wenyewe ulikuwa umeshapita.

Alicheka, akatushika vichwa wote wawili. Halafu akataka kulijua gari. Akaanzia kwenye taa ya mbele, akatembea nalo kwa kiganja, boneti, mlango, mlango wa pili, akaendelea, akaendelea.

"Ndefu," akasema. "Hii inaingia na majani ya ng'ombe."

Baba Junior akacheka, mara ya kwanza tangu Mombo. Mkono wa mama ukashuka kwenye gurudumu, ukazunguka rimu.

"Na hizi?"

"Za urembo, mama."

"Aah."

Basi. Hakuuliza tena. Usiku, chumbani, mume wangu aliniambia amefuta ile namba ya mtu wa mkopo wa kazini. Sikujua alishaanza kujaza fomu. Niliamua hilo nilikasirikie siku nyingine, nilikuwa nimechoka.

Jumatatu tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, ukungu umekaa barabarani. Kushuka hakuchemshi injini, kunachemsha breki. Fundi wangu alishanielekeza: zile herufi na namba kwenye gia ya otomatiki, 2 na L, ambazo watu wengi wa Dar hawajawahi kuzigusa, ndizo za mteremko. Injini inalishikilia gari, mguu unagusa breki kwenye kona tu. Niliendesha mimi. Mama mkwe amelala kiti cha nyuma, nyuma yake kuku watatu, kabichi, karoti na gunia la viazi. Magunia yalikuwa mawili. Lakini kwa uzito ule tairi za inchi 15 zilikuwa zinasugua bodi kila tukipita kwenye shimo, krrr, krrr, ikabidi moja tumwachie shemeji. Alilipokea bila huzuni.

Mombo Baba Junior akashuka, akasogeza mkono karibu na gurudumu la mbele, halafu akaligusa. Halikuwa la moto. "Breki umefunga vizuri," akasema. Nikamwambia nilikaa kwenye benchi. Kuanzia hapo hadi Dar tulikwenda kwa mwendo wa 70, jua halijapanda, tukiongeza maji kila kituo.

Jumanne akatolewa mtoto wa jicho la kulia, jioni akarudi nyumbani na kitambaa usoni. Jumatano kikatolewa. Rejeta mpya ilishaingia, na kulanti ya kijani.

Jumamosi tukaenda Gerezani wote watatu. Vijana wakanyanyua gari kwa jeki, wakaanza kufungua rimu, wanarudishia zile za chuma na tairi mbili mpya. Mama mkwe alikataa kushuka. Alikaa kiti cha mbele, kioo chini, kanga ileile ikiwa na doa la kutu pembeni, anasoma vibao vya mtaa mzima kwa sauti, kimoja baada ya kingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwenye duka akatutajia laki mbili na nusu. Baba Junior akaniangalia.

Nikachukua.